Vyakula Vibichi na Jina la India

Wanaohubiri ulaji wa vyakula visivyopikwa hawakawii kuitaja India. Hutaja wayogi waliokula matunda msituni, hutaja Ayurveda kama tiba ya kale inayofuata maumbile, kisha humtaja Gandhi, na msikilizaji anayejua kwamba Wahindi wengi hawali nyama huona hoja imekamilika. Hoja hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu inachanganya mambo mawili ambayo India yenyewe imeyatenga kwa karne nyingi: kuacha nyama na kuacha kupika. La kwanza lina mizizi mirefu, ingawa halijaenea kama wengi wanavyodhani; utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watu wazima wa India wanaojitambulisha kuwa hawali nyama ni asilimia 39, na kwa Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kuua kiumbe chochote, ni asilimia 92. La pili halijawahi kuwa desturi ya nyumba za kawaida huko.

Tuupe kwanza upande wa vyakula vibichi haki yake. Vitamini C huharibika kwa joto na hupotelea katika maji ya kuchemshia, na folati, vitamini nyingine ya mboga za majani, hupungua vivyo hivyo. Anayeacha soda, mikate ya unga mweupe na vyakula vya kukaanga, akala matunda, karanga na majani, aghalabu hupungua uzito na kujisikia mwepesi, ijapokuwa ni vigumu kuamua kama sifa ni ya kile anachokula sasa au ya kile alichokiacha. Hoja ya vimeng'enyo, kwamba chakula kibichi huja na uwezo wa kujimeng'enya chenyewe, ni dhaifu zaidi: vimeng'enyo ni protini, na tindikali ya tumbo huvivunja vingi kabla havijafanya kazi yoyote.

Hata katika maandiko ya kale kuna pa kushika. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha kanuni za maisha ya Kihindu, zinasema kwamba mwenye nyumba, akishaona makunyanzi, mvi na mtoto wa mwanawe, aende msituni, na huko anaweza kula kilichopikwa kwa moto au kilichoivishwa na wakati, na meno yake yakawa ndiyo kinu chake. Ni maneno mazuri, na anayeyanukuu hakosei kuyanukuu. Anachokosea ni kumsahau anayeambiwa maneno hayo. Ni mzee aliyekwisha kulea, aliyeaga mali na jamaa, na anayejitayarisha kuachana na mwili, wala hatafuti afya ya mwili huo. Kumpa mama anayenyonyesha ratiba ya chakula ya mzee huyo, kisha kuiita hekima ya India ya kuishi miaka mingi, ni kuyageuza maandiko yaseme ambayo hayakukusudia.

Anayetaka kujua India ilifikiri nini kuhusu chakula na afya ni lazima aanze na moto. Katika Ayurveda neno hilo ni agni, na moto unaozungumzwa zaidi ni ule wa tumboni. Ukiwa na nguvu, chakula hugeuka kuwa damu, misuli na mifupa. Ukififia, chakula hubaki nusu kimemeng'enywa, na mabaki hayo mazito ndiyo matabibu wa jadi wanayoyahesabu kuwa chanzo cha maradhi mengi. Vyakula vibichi, vya baridi na vikavu huhesabiwa kuwa vinaongeza vata, hali ya upepo mwilini, ambayo huleta gesi, choo kigumu na usingizi wa mang'amung'amu. Kwa hiyo mgonjwa, mzee na aliyetoka kujifungua hupewa chakula cha moto, laini, chenye samli kidogo, tangawizi na bizari. Mfano wake maarufu ni wali uliopikwa pamoja na choroko mpaka vikavurugika, chakula ambacho watu wa Pwani wanakijua kwa jina la mseto na ambacho hata huku hupewa mwenye tumbo bovu bila kumtaja tabibu yeyote. Imani hiyo ilifika mpaka kwenye maandiko ya dini: katika sura ya 15 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anasema kwamba yeye ndiye moto unaokaa katika miili ya viumbe na kumeng'enya chakula chao.

Haya hayamaanishi kwamba jiko la Kihindi halina kibichi. Kachumbari, limau, maembe mabichi na choroko zilizochipua zimo, na shule kadhaa za yoga za karne ya 20 huyaweka matunda mahali pa juu. Hata hivyo vitu hivyo huwekwa pembeni ya sahani, kiasi cha kuchangamsha ulimi. Na kuna jambo jingine linalowakera pande zote mbili: maandiko ya Charaka, yaliyo miongoni mwa misingi ya Ayurveda, yanapendekeza mchuzi wa nyama kwa aliyedhoofika. Anayeitumia Ayurveda kama hati ya vyakula vibichi anakosea, na anayeitumia kama hati ya kutokula nyama kabisa anakosea pia, ingawa kosa lake ni dogo zaidi.

Kwa kutokula nyama kabisa, shahidi bora ni Mjaini, na hapo ndipo hoja ya vyakula vibichi inapokwama vibaya. Wanaokaa karibu na familia za Kijaini Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wanajua kwamba wafuasi waliozingatia dini hawali viazi, vitunguu wala karoti, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe visivyohesabika vinavyoaminika kukaa ndani yake, na kwamba wengi hula kabla jua halijazama ili wadudu wasiangukie chakulani. Lisilojulikana sana ni kwamba mtawa wa Kijaini hapokei chakula kibichi. Mboga mbichi, mbegu iliyochipua na maji yasiyochemshwa vyote vinahesabiwa kuwa bado vina uhai, na kwake yeye kula kilicho hai ni kuua. Katika siku 8 za Paryushan, ambazo kwa Washvetambara, mojawapo ya madhehebu makuu mawili ya Wajaini, ni siku tukufu kupita zote za mwaka, wafuasi wengi huacha hata mboga za majani na kula nafaka na kunde kavu zilizopikwa. Yule muuzaji wa saladi anayesema "kuleni chakula kilicho hai" anadhani anazungumza lugha ya watawa hao, kumbe anataja sababu yenyewe inayowafanya wakikatae. Ni kweli kwamba mtawa hawashi moto, kwa kuwa moto nao kwake una viumbe. Hula kilichopikwa na wenye nyumba kwa ajili yao wenyewe, na wapo wanaouliza kama hapo mzigo wa dhambi haukuhamishiwa tu kwa mpishi. Swali hilo ni halali. Lakini halibadilishi kwamba chakula kilichomo katika bakuli lake kimepikwa.

Basi wazo la kula vibichi kwa ajili ya afya liliingiaje India? Njia moja inayofuatika vizuri inapitia Ulaya. Wajerumani Louis Kuhne na Adolf Just waliandika mwishoni mwa karne ya 19 juu ya tiba ya maji, udongo na vyakula vya asili, na Gandhi alikuwa msomaji wao mwaminifu. Hata kabla hajazama katika maandiko hayo, alikwisha kujaribu mwenyewe. Mwaka 1893 akiwa Pretoria, mwanasheria kijana aliyekuwa amejiunga na wala-mboga wa London alipokuwa masomoni, alikula nafaka mbichi, zabibu na njugu. Hakumaliza wiki mbili, akaandika wazi juu ya njaa na udhaifu alioupata. Mwaka 1929 alirudia jaribio hilo pamoja na wenzake katika ashram yake ya Sabarmati, makao ya kuishi pamoja kiroho, kwa ngano iliyochipua, lozi zilizosagwa, majani, ndimu na asali. Likakatizwa na kuhara damu ndani ya miezi michache.

Hata hivyo sababu moja aliyoitoa wakati huo inanigusa kuliko zote za watetezi wa leo: kwamba kutopika kungewatoa wanawake katika utumwa wa jiko, utumwa ambao alisema hauleti raha na huleta maradhi. Kwa mama anayekohoa moshi wa kuni, hoja hiyo bado ina uzito. Dawa yake, nionavyo, ni jiko bora na mume anayejua kupika.

Na tukizungumzia wanawake, kuna takwimu moja ambayo haitajwi katika semina za vyakula vibichi. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwahoji watu 513 waliokuwa wakila hasa vyakula vibichi kwa muda mrefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Miongoni mwa wanawake walio chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi yao ilikuwa imevurugika au kukoma kabisa. Mtetezi atasema yale yalikuwa majibu ya dodoso, na kwamba pengine waliojiunga tayari walikuwa wembamba. Ni kweli ni dodoso. Lakini waliolijibu walikuwa wafuasi, watu wenye kila sababu ya kuisifu njia yao, na kadiri sehemu ya vibichi katika chakula ilivyokuwa kubwa ndivyo uzito wa miili yao ulivyokuwa mdogo. Chakula kisichopikwa hutoa nishati kidogo kwa tumbo lililojaa. Mwili ukikosa nishati hufunga mlango wa uzazi, na estrojeni, homoni ya kike, ikishuka mifupa nayo hudhoofu. Baya zaidi ni kwamba katika baadhi ya duru za ulaji huo kukoma kwa hedhi kumewahi kusifiwa kuwa ishara ya mwili uliotakasika. Tabibu wa Ayurveda akielezwa dalili hiyo angeiita ugonjwa, na angeanza kwa kuagiza chakula cha moto.

Mapokeo hayo ya kupika nayo hayana kinga ya kila kitu. Vitamini B12, iliyotengwa maabara mwaka 1948, haipatikani kwa kiasi cha kutegemewa katika mmea wowote, mbichi au uliopikwa, na upungufu wake ni wa kawaida hata kwa Wahindi wala-mboga wanaotumia maziwa na mtindi. Gandhi aliapa mwaka 1912 kuacha maziwa, akaugua mno mwaka 1918, na mwanzoni mwa 1919 akakubali, kwa shauri la mkewe Kasturba, kwamba kiapo kilimhusu ng'ombe na nyati tu, akanywa ya mbuzi. Asiyegusa maziwa wala mayai leo hana haja ya mzunguko huo wa kisheria. Anahitaji kidonge cha B12 na kipimo cha damu kila baada ya muda, awe amewasha jiko au hakuwasha.