Nilivyogeuka Bango la Posa Shanghai

Waliosoma Shanghai wanaijua Renmin Gongyuan, bustani ya katikati ya jiji ambako wikendi wazazi hufurika kuwatafutia watoto wao wachumba. Miavuli hutandazwa chini ikiwa wazi, kila mmoja na karatasi yake: mwaka wa kuzaliwa, urefu, digrii, mshahara, nyumba ipo au haipo. Huko binti akikaribia 30 bila ndoa huitwa sheng nü, kiporo kwa lugha yetu, na mwaka 2007 wizara yao ya elimu ikaliingiza neno hilo kwenye orodha ya maneno mapya. Serikali nayo! Mama zao watalala vipi?

Mimi nilikuwa nakatiza tu kwenda kupanda treni. Mvua ikashuka ghafla. Mama mmoja mfupi akaunyakua mwavuli wake, akanipima kwa macho toka miguuni hadi utosini, akanikabidhi. "Kijana, wewe mrefu, shika."

Karatasi ilikuwa bado imebanwa mbele, ndani ya plastiki. Tangazo lililokuwa chini sasa likapaa juu ya vichwa vya watu, na wazee wakajaa. Mmoja akavaa miwani, akasoma, kisha akaniuliza mimi: "Binti ana nyumba?"

Kichina changu ni cha darasani, ila udalali nimeukuta kwetu Tanga. Nikamjibu, "Binti mtulivu, anajua kupika."

Mama akanikanyaga. "Hapiki! Mhasibu huyo, usimharibie!"

"Na huyu ndiye mkwe?" akadakia mwingine. Wakaangua kicheko, simu zikatolewa, nikapigwa picha kama bwana harusi.

Haukupita muda simu ya mama ikaita. Binti! Kumbe hakujua kabisa kwamba ananadiwa bustanini, na picha ilishazunguka WeChat, mtandao wao wa kutumiana ujumbe, hadi kwa rafiki yake aliyemtambua mama. Mama aliiweka simu mbali na sikio, na bado tulisikia sote. Alipozidiwa akanisukumizia mimi.

"Wewe ni nani kwa mama yangu?"

"Dada, mimi nimeshika mwavuli tu."

"Basi ufunge!"

Nikaufunga. Tukalowa chapachapa, mimi, mama, na yule mzee wa miwani, ambaye bado alikuwa anasubiri jibu la nyumba.