Hapakuwa na Nyoka

Hapakuwa na nyoka. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu tangu Jumamosi jioni nimepigiwa simu kutoka Des Moines, kutoka Kigoma, na hata na shangazi mmoja wa Bujumbura ambaye hatujaongea tangu msiba wa babu, wote wanauliza kama nyoka aliniuma.

Yule jamaa aliyesambaza video yangu ya mechi ya Jumamosi (anajijua, tunalala chumba kimoja bwenini, na hivi ninavyoandika amejifungia bafuni) ameiwekea maneno: "Ndugu yetu kaona nyoka kwenye majani, akawakinga wenzake." Watu wameamini. Wanaona mtu katanua mikono, kabinua kiuno kwa nyuma, anarudi kinyumenyume huku anafukuza kila anayesogea. Jamani, nyasi za ule uwanja ni za plastiki. Nyoka gani anaishi kwenye plastiki?

Ukweli wenyewe ni mbaya kuliko nyoka, ndiyo maana nilikaa siku mbili bila kusema.

Kwa msionifahamu: mimi ni mtoto wa Nyarugusu. Nimekulia kambini nikicheza chandimu, namba mbili, beki wa kulia, mpaka familia yetu ilipoletwa Iowa, Marekani. Sasa nasoma chuo kimoja kidogo ambacho sikitaji, kwa sababu nataka kuhitimu. Kiko daraja la tatu la michezo ya vyuo, kule ambako hakuna anayelipiwa ada kwa ajili ya mpira. Tunavunjwa mbavu bure.

Nilikwenda kwenye majaribio ya mpira wao wa Kimarekani kama mpiga mikwaju. Mtu kacheza soka maisha yake yote, atashindwa kupiga? Nikapiga mitano. Minne ilikwenda kwenye maegesho ya magari. Nikaifuata mbio, kwa aibu, na niliporudi nayo kocha alikuwa ameshika saa ya kupimia muda. Hakutaka mguu wangu wa kupiga. Alitaka mbio za kufuata mipira niliyopoteza.

Basi wakaniweka kupokea panti. Msicheke, ndiyo jina la ule mkwaju timu inaopiga ikishindwa kusonga mbele. Mafunzo ya kupokea panti yalikuwa mepesi: simama yadi ya 10 kutoka mstari wa goli letu, mpira ukipita juu ya kichwa chako usiuguse. Uache. Ukiingia wenyewe endizoni, lile eneo nyuma ya mstari wa goli, tunapewa tuanzie yadi ya 20. Wao hata wakiufikia kabla haujaingia, hauwi wao maadamu sisi hatujaugusa. Unaogopa nini?

Nikamwambia kocha, "Mbona hii naijua? Hii ni golikiki."

Hakujua golikiki ni nini. Akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipoota, na naomba iandikwe kwamba tulikuwa wawili.

Alhamisi, kijana anayepokea mikwaju ya kuanzia (ile ya kuanzisha mechi, na ile ambayo timu iliyotoka kufunga huwapigia wenzao) akateguka kifundo. Kocha akanionyesha kidole. Nikaambiwa ni kazi ileile, ila mpira unatoka mbali zaidi: wanaupiga kutoka yadi yao ya 35, yaani yadi 65 mpaka mstari wa goli letu. Ukikufikia endizoni usihangaike kutoka nao, hiyo ni tachibeki, tunaanzia yadi ya 25. Zamani ilikuwa ya 20, wakasogeza mwaka 2012 ili watu wavutike kutulia badala ya kukimbilia kugongana vichwa. Nami ni mtu wa kutulia kabisa.

Kuna jambo moja zaidi walilisema. Nina hakika walilisema. Lakini nilikuwa chini ya benchi natafuta kinga yangu ya meno.

Robo ya kwanza upepo ulikuwa mgongoni kwao. Mkwaju wa kwanza ukapita juu yangu kama ndege ya Dubai, ukaangukia endizoni. Filimbi, yadi ya 25. Wa pili, vilevile. Wa tatu haukutua hata endizoni, ulitoka nje kabisa nyuma yake. Kila mara wenzangu walinipiga bega, "Kazi nzuri!" Nami nikawa naitikia kama mtu aliyefanya kitu. Jamaa wa chumbani jukwaani anarekodi, Mama na akina mama watatu wa kanisani wamejifunika vitenge na mablanketi, chupa ya chai katikati. Niliwapungia mkono. Ndiyo, katikati ya mechi. Nilikuwa na nafasi.

Robo ya nne wakabadilisha upande. Upepo wa Iowa wa Novemba haukubadilisha.

Tulikuwa tunaongoza 20 kwa 17, zimebaki dakika tatu na kidogo. Wao wametoka kufunga, wanaanzisha. Mimi nimesimama kwenye mstari wa goli pale pale niliposimama siku nzima, maana mtu habadilishi kiti kinachomkalia vizuri.

Sasa hapa tafadhali tembeeni nami polepole.

Mpira ukapigwa. Ukapanda. Upepo ukaupokea kama mama mkwe anavyopokea mgeni asiyeleta kitu. Ukasimama hewani, ukaanza kushuka mapema, ukadunda yadi ya 9.

Hatua kumi mbele yangu! Ningekuwa na akili ningesogea tangu uko juu, nikanyoosha mkono na kuupunga, nikaudaka. Tangu 2018 sheria za vyuo zinasema ukiomba hivyo ukadaka ndani ya yadi zako 25, hakuna wa kukugusa na unasogezewa mpaka ya 25. Yadi 16 kwa kunyoosha mkono tu. Shule ya msingi nilinyoosha mkono miaka saba sikupewa hata peremende.

Sikunyoosha. Niliuangalia ukibingirika kuja kwangu, na ndani ya kichwa yule beki wa Nyarugusu akaamka, akavaa viatu, akasema: *unatoka huo, ukinge.*

Nikaukinga.

Nikaupita mpira, nikageuka, nikaupa mgongo. Mikono nikaitanua. Kiuno nyuma, magoti yamekunjwa, kidevu juu. Huko kambini nilikuwa nasifiwa kwa hii. Winga anaweza kukuzunguka kulia, kushoto, akakukanyaga, akakutukania ukoo, mpira ukatoka taratibu nyuma yako na wewe hujaugusa.

Mwenzangu tuliyepangwa naye nyuma alikuwa anakuja kasi kutoka upande wa pili, macho yamemtoka, anapiga kelele "Boli! Boli!" Nikadhani ananithibitishia. Alipofika nikamzuia kwa kiwiko. Nasema ukweli sasa: yule mnayemwona anasukumwa kwenye video, ambaye nyote mmedhani ni mpinzani, ni wa kwetu. Amevaa jezi kama yangu. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Acha! Acha, unatoka!"

Mpira wenyewe mgongoni siuoni. Na huu si mpira wa duara, ni yai. Mpira wa duara ukibingirika kuelekea mstari una nia. Yai halina nia. Kwenye video inaonekana vizuri: linafika yadi ya 3, linageuka upande, linasimama kwa ncha, linafikiri, linajilaza. Yadi ya 2. Mpira ungeendelea kutembea ukagusa chini endizoni bila mtu kuugusa, ungekufa hapo hapo, tachibeki, nami leo ningekuwa naandika mambo mengine. Yadi mbili. Ni urefu wa kitanda.

Mpinzani wa kwanza akafika. Kijana mrefu, masharubu ndiyo kwanza yanaota. Alikuwa amekimbia yadi 60 akitarajia kumwangusha mtu, akanikuta mimi nimekaa mkao wa kuku anayeatamia. Akapunguza mwendo. Akanitazama. Akautazama mpira. Akanitazama tena, kama unavyomtazama mwenye duka aliyekurudishia chenji iliyozidi, unapojiuliza umwambie au uondoke haraka.

Akaamua kuondoka haraka. Akainama, akapita chini ya mkono wangu wa kushoto, akaulalia mpira.

Na akaniambia asante. Haki ya Mungu tena, nililisikia kwenye helmeti: asante. Watu wa Iowa wana adabu iliyopitiliza.

Filimbi. Nikageuka nikiwa na tabasamu. Mwamuzi kanyoosha mkono kuelekea endizoni kwetu. Kila mliyewahi kuangalia soka mnaijua ishara hiyo: mkono unaelekea golini, ni golikiki. Nikapiga makofi. Nikamwinua yule kijana, nikamgonga mgongoni kumwambia pole, umejitahidi.

Wakati huohuo, katika uwanja uliokuwa kimya kama kanisa la Jumatatu, vikasikika vigelegele. Mama na wenzake. Nao walikuwa wameiona golikiki! Wamewahi kuniona kambini, wanajua mtoto wao anakinga vipi. Watu wanne katika ule uwanja walielewa nilichofanya, na wote wanne walikuwa wamekosea kama mimi.

Nikaenda kumwomba mwamuzi mpira. Nilitaka kuutenga.

Akaniambia, taratibu, kama unavyoongea na mtoto aliyepotea sokoni, kwamba mpira ni wao. Mkono ule ulikuwa unaonyesha upande ambao *wao* wanaelekea. Lile jambo lililosemwa nikiwa chini ya benchi ni hili: mkwaju wa kuanzia si panti. Ukishasafiri yadi 10 ni wa yeyote, kama ng'ombe aliyekata kamba. Hawaruhusiwi kukimbia nao, lakini pale walipouokota wanaanzia hapo. Yadi ya 2. Ya kwetu.

Nililinda mpira wao mpaka wenyewe walipofika kuuchukua. Hata walinzi wa benki wanaolipwa hawafanyi hivyo.

Mchezo mmoja, tachidauni, yaani wakauingiza endizoni kwetu. 24 kwa 20. Tukapoteza. Basi la kurudi lilikuwa kimya, nikakaa mbele karibu na dereva. Kocha hakunifokea, na hilo ndilo baya. Aliniuliza golikiki ni nini, nikamweleza, akafumba macho kitambo. Tuendelee.

Kocha msaidizi, mtu mzuri, alinionyesha kwenye simu kwamba tarehe 1 Januari 2017 Buffalo Bills, watu wanaolipwa, waliuacha mkwaju wa kuanzia wa New York Jets ukaingia endizoni, na kwa sheria za siku zile Jets wakaulalia wakapata tachidauni. Nikafarijika kama dakika mbili. Halafu nikaangalia kipande chenyewe. Wale waliuacha tu. Hakuna aliyeukinga.

Mama alinisubiri kwenye gari. Nikamsalimu, shikamoo, akaitikia marahaba akiwa bado anatabasamu, akanimiminia chai. "Mwanangu, leo umenikumbusha nyumbani. Sasa hao Wazungu walikuwa wanakuzomea nini?" Nikamwambia walikuwa wananishangilia kwa lugha yao. Ninyi mtakaomwambia ukweli, mtanijua mimi ni nani.

Jumatatu kwenye chumba cha kula mwenzangu niliyempiga kiwiko aliweka chumvi mezani, akaipa mgongo, akatanua mikono. Meza nzima ikapiga kelele: "Golikiki!" Wanalitamka vizuri, nakubali. Mpaka jana limeshafika kwa wapishi. Nimeomba ketchup, mama wa jikoni ameikinga kwa kiuno.

Mazoezi ya jana kocha alinipigia mikwaju ishirini na mitano mimi peke yangu, na kila mmoja nilitakiwa kuulalia huku natamka kwa sauti: wa yeyote! Nimechubuka viwiko vyote viwili. Plastiki inaunguza.

Na wewe uliyejifungia bafuni: ule mkopo wa dola 15 wa pizza uliokuwa unanidai nikurudishie mwisho wa mwezi, soma vizuri hapa, ni mimi ninayedaiwa, na silipi. Toka, nataka kuoga.