Jangwa Jeupe Linaloishi kwa Maji

Wengi wanaokwenda White Sands, hifadhi ya taifa iliyoko kusini mwa jimbo la New Mexico nchini Marekani, huimaliza siku yao kwa kuteleza matutani juu ya sahani za plastiki na kupiga picha, kisha hurudi zao. Siwalaumu, kwa maana weupe ule unaotanda hadi upeo wa macho huleta furaha ya kweli. Lakini naamini kwamba anayeondoka bila kufahamu kazi ya maji mahali pale hajaiona hifadhi yenyewe.

Mchanga wake si ule tuliouzoea pwani, bali ni jasi, madini yale yale yanayotengenezewa mbao za dari, ambayo huyeyuka majini. Mvua na theluji huiyeyusha kutoka milimani na kuishusha katika Bonde la Tularosa, na kwa kuwa bonde hilo halina mto unaolitoa maji kuyapeleka baharini, jasi hubaki humo humo: maji hukauka katika Ziwa Lucero, fuwele huachwa juu ya ardhi, kisha hali ya hewa huzivunjavunja na upepo wa kusini-magharibi huzirundika, hata matuta yakaenea kiasi cha kilomita za mraba 710. Maji mengine yamebaki chini kidogo tu ya nyayo za mgeni, na unyevu wake ndio unaoishika misingi ya matuta isipeperushwe.

Maji hayo ndiyo yaliyotunza hata historia. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba nyayo za binadamu zilizokutwa humo, kwenye kingo za ziwa la kale, zina umri wa miaka kati ya 21,000 na 23,000. Sisi tuliokua tukisikia habari za nyayo za kale za Laetoli, kule Tanzania, tunaijua thamani ya nyayo za namna hiyo.

Ndiyo maana siridhiki na ulinzi wa mipaka peke yake. Eneo hili lilianza kuhifadhiwa mwaka 1933 na likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa Desemba 2019, hatua ninazozishukuru kwa dhati. Hata hivyo, mpaka wa juu ya ardhi hauzuii kisima kilicho nje yake kuvuta maji yaliyo chini. Ningependa wanaogawa maji ya bonde lile wayahesabu matuta kuwa mtumiaji mmojawapo, ambaye haja yake hupimwa kabla ya kisima kipya kuchimbwa.