Mnywaji Aulizwe Kabla Hajaanguka

Pombe yenye sumu ilipoua watu Kirinyaga Februari 2024, Kenya nzima ilizungumzia ulevi. Misako ikafanywa, kisha tukanyamaza. Ndivyo tulivyozoea: tatizo tunaliona mtu akishapofuka, akishazikwa, au akilala mtaroni. Anayeamka alfajiri akaenda kazini, na jioni akapitia baa kila siku, hatumwulizi kitu. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Maswali yapo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 zilizoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliozaa hojaji ya AUDIT. Ni maswali 10: unakunywa mara ngapi, kiasi gani, umewahi kuamka hukumbuki ya jana usiku, kuna ndugu au daktari aliyekusihi upunguze? Alama za juu kabisa ni 40. Ukifika 8, unywaji wako tayari una hatari.

Swali la tatu ndilo zito. Linauliza ni mara ngapi unakunywa vipimo sita au zaidi kwa kikao kimoja. Kipimo kimoja ni gramu 10 za alkoholi, na bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Basi chupa tatu za kutazamia mpira zimeshatimiza sita, na mwenyewe anajihesabu mnywaji wa kawaida.

Zahanati nyingi humpima mgonjwa presha na uzito, kisha humwuliza kama anakunywa. Akijibu "kidogo tu", foleni inasonga. Najua wauguzi wamelemewa. Hata hivyo, maswali matatu ya kwanza hayamalizi dakika mbili, na mtu ambaye presha yake haishuki kwa dawa ana haki ya kujua kwamba huenda pombe inachangia.

Aulizwe faraghani, bila mahubiri, hasa mama anayekunywa kwa siri akiogopa maneno ya majirani. Na atakayekutwa amezama asiambiwe aache ghafla peke yake: mwili uliozoea pombe ukikatiziwa mara moja unaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Anahitaji daktari.

Kaunti ndizo zinazotoza ada za leseni za baa. Zitenge sehemu ya fedha hizo, zichapishe hojaji kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na ziwafunze wahudumu wa afya ya jamii kuuliza nyumba kwa nyumba.