Diski Mpya Inalia Tik-Tik

Nilibadilisha diski ya laptopu mwenyewe, kwa bisibisi ya kuazima na ujasiri wa bure. Ya zamani ilikuwa ile ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, na kwa uzee wake ilikuwa ikikoroma kama mtu aliyelala chali. Nikanunua SSD, diski ya kisasa, nikahamishia humo kila kitu. Nikafungua skrubu 11, nikachomoa mzee, nikachomeka kijana, nikarudisha skrubu 10. Ya 11 sikuiona, wala sikuitafuta sana. Kifuniko chenyewe kinakwenda wapi?

Laptopu ikawaka kabla sijakaa vizuri. Raha tupu. Kisha nikasikia vuuu. Mbona diski mpya inavuma? Nikainama, nikaweka sikio pale kushoto kwa kibodi, diski ilipo. Tik. Nikasogea zaidi. Tik-tik.

Aliyewahi kufiwa na diski anaujua mlio huo. Ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia, kinaikosa, kinarudi kilikotoka, kinajaribu tena. Leo tik-tik, kesho picha zako zote hazipo. Basi sikulala. Usiku kucha nilihamisha mafaili kutoka diski isiyomaliza hata siku mbili kwenda kwenye ile kuukuu, niliyoifufua kwa waya wa USB baada ya kuiita marehemu. Kila nikipumzika naweka sikio. Tik. Vumilia, naiambia, zimebaki chache.

Asubuhi nikampigia mdogo wangu, ambaye anayajua mambo haya na anapenda ujue kwamba anayajua.

"Dada, umeweka aina gani?"

"SSD."

Kimya. Nilidhani simu imekatika, kumbe kaziba mdomo anacheka.

"SSD haina kinachozunguka, haina kichwa, haina kinachosogea. Ni chipu tupu. Italiaje?"

"Italiaje sijui. Inalia."

Akaja. Ile vuuu aliimaliza hata hajavua viatu: ni feni, imo humo siku zote, ila mkoromo wa diski ya zamani ulikuwa unaifunika. Na tik-tik? Akaweka sikio. Hakuna kitu. Nikamsukuma, nikaweka langu. Tik.

"Umesikia?"

Akaweka lake tena. Kimya. Tukapokezana hivyo mara nne, mimi nasikia, yeye hasikii, hata nikaanza kumsikitikia: mtoto mdogo hivi, masikio yameshakwisha.

Mara ya tano hakuitazama laptopu. Alinitazama mimi.

"Dada, vua hereni."

Hereni zangu ni za chuma, ndefu, za kuning'inia. Nikavua ya kushoto, nikainama. Kimya. Nikaivaa, nikainama. Tik. Usiku kucha nimeuguza hereni! Nilimwomba asimwambie mama. Alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe.

Alipoondoka, kicheko chake bado kinasikika nje, nikainua laptopu niirudishe mkobani. Kirrr. Kitu kimebingirika ndani, kutoka pembe hii hadi ile.

Nikaiweka mezani polepole. Nikavua na hereni ya kulia. Nikaiinua tena.

Kirrr.