Kukremu Maneno Magumu ya Kiingereza: Inategemea Unakwenda Mtihani Gani

Kwenye hosteli za Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, hakosekani kijana aliyeinamia kauntabuku aliyoigawa kwa mstari: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Anawinda nafasi ya kusoma nje, kwa hiyo mbele yake kuna GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, au IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Leo maneno thelathini, kesho thelathini mengine. Wenzake wanamcheka kwamba anakremu kamusi. Mimi, kabla ya kucheka, huuliza kwanza ni mtihani gani.

Kama ni GRE, kauntabuku ina kazi. Kuna maswali yanayokupa sentensi yenye pengo na maneno sita. Unachagua mawili ambayo kila moja likijaza pengo, maana inabaki ile ile. Usipojua kwamba "laconic" ni mtu wa maneno machache, umekwama. Wanaosema "soma tu riwaya, msamiati utakuja wenyewe" wanasahau kwamba kijana ana miezi mitatu, na neno kama hilo unaweza kumaliza riwaya nzima usikutane nalo. Tena wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza cha kufundishiwa tukakikuta kidato cha kwanza.

IELTS ni habari nyingine. Msamiati hubeba robo ya alama za kuandika na za kuzungumza, lakini mtahini anaangalia pia kama neno limekaa mahali pake. Niliwahi kuandika "a plethora of water scarcity" nikieleza shida ya maji hapa Dodoma, nikajiona nimepiga bao. Plethora ni wingi uliopitiliza. Kumbe nimesema tumefurikwa na uhaba! Daftari langu lilikuwa na neno moja tu upande wa kulia: "wingi".

Mfikirie mgeni aliyekariri kwamba "piga" ni kuchapa. Atafanyaje akisikia piga simu, piga pasi, piga magoti? Sisi hatukuyakariri hayo popote, tuliyasikia yakitembea na wenzake. Kiingereza nacho kina ya kwake: mvua kubwa ni "heavy rain", ukisema "big rain" unaeleweka lakini alama inapungua.

Ningebaki na kauntabuku, ila niongeze safu ya tatu ya sentensi nzima, na maneno niyapange kwa koo, yaani yenye mzizi mmoja yakae pamoja. Mtu anayejua soma, somo, msomi na usomaji hashangai kuona "predict", "contradict" na "verdict" zikitoka kwenye mzizi mmoja wa Kilatini wenye maana ya kusema.

Kwa mwendo huo thelathini kwa siku hazifiki. Kumi ni nyingi. Mwenye GRE mwezi ujao hana muda huo, huyo akremu tu, ila maneno yake asiyapeleke kwenye insha.