Ukitaka kumjua mshindi wa Marekani, muulize mtu habari za jirani yake

Jamaa zangu wa Mombasa wana imani moja ambayo nimeshindwa kuwatoa: kwamba mtu akiishi Marekani basi lazima ajue nani atashinda urais wa Marekani. Oktoba 2024 simu zilikuwa hazikatiki. Ami yangu, mzee wa maskani ya Kisauni ambaye baada ya Isha huwezi kumkosa barazani, yeye alitaka jina tu. "Wewe si uko huko? Tena uko Pennsylvania yenyewe! Tupe jina." Nikimwambia mambo ni nusu kwa nusu anaguna: hilo hata yeye kalisikia redioni.

Na mimi nasema mpaka leo kwamba nusu kwa nusu ndilo lililokuwa jibu la mtu mkweli. Nate Silver, mtabiri anayesikilizwa kuliko wengi huku, aliuchezesha uchaguzi ule kwenye kompyuta mara 80,000 siku ya mwisho. Kamala Harris akashinda mara 40,012. Ukipewa hesabu kama hiyo unaona umechezewa shere, lakini waangalie waliothubutu kusema zaidi. Profesa Allan Lichtman na "funguo" zake 13, yaani maswali ya ndiyo au hapana anayotabiria, alimtangaza Harris. Ann Selzer, mpima maoni aliyeheshimika sana Iowa, Jumamosi kabla ya uchaguzi alimweka Harris mbele kwa pointi 3 katika jimbo hilo, na Trump akalichukua kwa pointi 13 hivi. Mwaka 2016 Sam Wang wa Princeton alimpa Hillary Clinton asilimia 99, akaahidi kula mdudu mambo yakienda kombo, na akamla kweli mbele ya kamera za CNN.

Kwetu hakuna anayekula mdudu. Mtabiri wa Kenya akikosea, husema kura zimeibwa.

Kinachowachanganya watu wa nyumbani ni hesabu yenyewe. Kenya tunataka nusu ya kura zote na moja juu yake, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Kura ya Lamu na ya Nyeri uzito wake mmoja. Huku wanahesabiwa wajumbe 538 wa majimbo, mwenye 270 kashinda, na karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote. Clinton alimzidi Trump kwa kura milioni 2.8 na ushei nchi nzima, akaukosa urais kwa kura zisizofika 80,000 za Pennsylvania, Michigan na Wisconsin. Biden mwaka 2020 alitangulia kwa zaidi ya milioni 7, na bado kama kura chache zisizofika 43,000 za Arizona, Georgia na Wisconsin zingekuwa za mwenzake, wawili hao wangetoka sare, 269 kwa 269.

Kwa hiyo jamaa zetu wa Maryland na Texas, na ni wengi, wasiulizwe kitu. Mshindi wa huko hujulikana mapema, hakuna mgombea anayehangaika nao. Sisi wa Allentown, hapa Pennsylvania, ndio tuliopigwa na matangazo hadi mtu unaogopa kuwasha televisheni. Sanduku la barua lilikuwa likijaa makaratasi yenye sura zilezile mbili, na mlango ukigongwa jioni unajua ni kijana wa kampeni, na mimi hata sipigi kura, nina grini kadi tu.

Jambo jingine ambalo ami alilikataa katakata ni hili. Majimbo yenye ushindani yalikuwa saba, na kura za maoni zilionyesha yote yako karibu-karibu. Mtu hudhani basi watagawana, manne huku, matatu kule. Hawagawani. Bei inayomkera mtu wa Pennsylvania ndiyo inayomkera wa Michigan, na wapima maoni wakikosea mahali pamoja huwa wamekosea kotekote kwa upande uleule. Mwaka 2016 Trump alichukua sita kati ya hayo saba. Mwaka 2020 Biden alichukua sita. Mwaka 2024 Trump akabeba yote, wajumbe 312 kwa 226, ilhali kwa kura za watu alimzidi Harris kwa pointi moja na nusu tu. Ami akanipigia: "Mlituambia nusu kwa nusu, mbona saba bila?"

Sasa nieleze niliyoyaona kwa macho yangu, maana hapo ndipo somo lilipo. Allentown zaidi ya nusu ni watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, wengi kutoka Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Oktoba 27, mchekeshaji mmoja alipanda jukwaani kwenye mkutano wa Trump kule Madison Square Garden, New York, akaita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Televisheni zikasema basi, Pennsylvania imemponyoka Trump. Siku mbili baadaye Trump mwenyewe akaja Allentown, na Harris akaja hapa siku ya mwisho kabla ya kura.

Kwenye ghala ninakofanya kazi zamu ya usiku, wenzangu kadhaa ni wa Puerto Rico. Wakati wa mapumziko walikuwa wamekasirika hasa. Mmoja, mama wa makamo anayefunga maboksi nami kwenye laini moja, alisema mtu yule hana adabu na mamake alilia. Kisha, akiwa bado anamenya yai lake la kuchemsha, akasema kodi ya nyumba yake imepanda tena, na kwamba mume wake na mashemeji wake wote "wale wamekwisha amua". Yeye mwenyewe? Akatabasamu akafunika kopo la chakula.

Nilipomsikia nikajua hasira za televisheni hazitafika sandukuni zikiwa nzima. Aliniambia ya mume na mashemeji bila kuulizwa. Ya kwake hakuyatoa.

Baadaye nikasoma habari za Mfaransa mmoja aliyeweka zaidi ya dola milioni 30 kwenye soko la kubahatisha matokeo akimtegemea Trump, akavuna mamilioni. Huyu bwana hakuziamini kura za maoni za kawaida. Alilipia zake, na swali lake halikuwa "utampigia nani", lilikuwa "unadhani jirani zako watampigia nani". Mmarekani anaona haya kujisema mwenyewe mbele ya mgeni mwenye simu, lakini jirani humtaja bila shida. Mtu yeyote aliyekulia maskani angemwambia hivyo bure.

Hapa sasa najisifu kidogo kwa ajili ya kwetu. Mkenya hakai kupima moyo wa mtu. Anapima nani ataamka. Mwaka 2013 mchambuzi wa siasa Mutahi Ngunyi alizua gumzo nchi nzima kwa kuangalia daftari la wapiga kura tu, ngome hii ina wangapi na ile ina wangapi, na kusema Uhuru Kenyatta kashashinda kabla ya kampeni. Ilikuwa hesabu ya kikabila, na inaudhi, na mwambao haijawahi kukaa sawasawa. Lakini swali lake lilikuwa sahihi. Agosti 2022 kura nyingi za maoni za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele. Siku yenyewe, Mombasa ambako alitegemea kuvuna, hata nusu ya waliojiandikisha hawakufika vituoni. Uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa dakika ya mwisho na watu walikuwa wamechoka. Ruto akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 233,211. Watu waliobaki nyumbani Mombasa peke yake walikuwa wengi kuliko tofauti hiyo.

Philadelphia ikafanya lilelile miaka miwili baadaye. Harris alipata huko kura zaidi ya 30,000 pungufu ya alizopata Biden mwaka 2020. Hakuna aliyewatukana Wafiladelfia hao wala kuwashawishi sana upande wa pili. Baadhi waligeuka, wengi walikwenda kazini, maana huku Jumanne ya kura si sikukuu. Zamu ni zamu.

Lakini kuna kitu ambacho nyumbani tunafanya vizuri zaidi na hatujisifii. Usiku wa Agosti 2022 nikiwa kitandani Allentown nilifungua tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, nikaona fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, ya shule ya msingi nilikokuwa napigia kura, na saini za mawakala, na mwandiko mbaya wa mmoja wao. Nchi nzima vituo 46,229, na karibu fomu zote zikapanda kwa siku chache. Mwenye subira na kikokotoo alijua mshindi kabla ya tume kutangaza kule Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura. Marekani hakuna tovuti ya namna hiyo ya taifa zima. Kila kaunti inahesabu zake, kila jimbo na sheria yake, na anayemtangaza rais usiku ule ni shirika la habari, AP. Pennsylvania sheria hairuhusu kura za posta kufunguliwa kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya kura, ndiyo maana 2020 tulisubiri kutoka Jumanne hadi Jumamosi.

Kwa upande mwingine, Marekani haina mtu mmoja wa kumvamia. Bomas makamishna wanne wa tume walipojitenga na mwenyekiti wao Chebukati, nchi nzima ilikodolea macho jukwaa moja, viti vikarushwa. Huku waliopinga ushindi wa Biden 2020 ilibidi wahangaike kaunti kwa kaunti na mahakama kwa mahakama, na waliposhindwa ndipo wakavamia bunge, Congress, Januari 6, 2021.

Uchaguzi ujao wa urais huku ni Novemba 7, 2028. Watakaoniuliza nitawaambia nitakachoangalia: kaunti ya Northampton hapa jirani na ya Erie kule ziwani, zote mbili zilizompa Obama, kisha Trump, kisha Biden, kisha Trump tena, foleni za Philadelphia saa za mchana, na wenzangu wa ghalani wanasema nini kuhusu mashemeji zao. Jina wasubiri AP. Mwaka 2024 lilitajwa ikikaribia saa kumi na mbili alfajiri ya hapa, na Mombasa watu walikuwa wameshaswali Adhuhuri.